Sange Hasimami

Kwanza tuelewane. Sijaja kuwafundisha kuchora. Nyinyi vijana wa siku hizi mna makopo ya kupuliza, mna projekta ya kumulika picha ukutani, kazi yenu ni kufuata mistari tu. Ukuta uliokuwa ukinitoa jasho wiki nzima, nyinyi mnaumaliza kabla chai haijapoa. Sawa, hongera zenu. Lakini juzi hapa Kware kijana mmoja aliniuliza, "Buda, umechora kuta za shule za nasari Eastlands karibu zote, ni ukuta gani ulikushinda?" Kuna ukuta mmoja Komarock ambao mpaka leo sijui kama ulinishinda au niliushinda mimi. Ndiyo maana nawaandikia. Nimeufikiria peke yangu hadi nimechoka, sasa fikirieni na nyinyi.

Mimi ni Wafula, fundi wa rangi mstaafu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nikazaliwa na kulelewa huku huku Eastlands ya Nairobi, na bahari nimeiona kwenye kalenda tu. Ukipita nasari yoyote kuanzia Eastleigh ukute simba anayetabasamu, meno yamepangwa vizuri kama ya mtu anayetangaza dawa ya mswaki, huyo huenda ni wangu. Msinicheke. Simba mwenye kukunja uso anafanya watoto wakojoe, na mwalimu mkuu hatakuita tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Ochola, mwandishi wa vibao. Alikuwa mkali kama pilipili, na alikuwa hataki kusikia neno kipaji. "Kipaji ni cha watu wa kanisani," alikuwa akisema, "wewe nipe mgongo ulionyooka." Alinionyesha njia ya karatasi. Unachukua karatasi ya mfuko wa simiti, unachora mnyama wako kwa ukubwa unaotaka, kisha unatoboa mstari wote kwa sindano. Unaibandika ukutani, halafu unaipiga kwa soksi kuukuu iliyojaa vumbi la makaa. Ukiibandua, tembo ameshakaa ukutani kwa nukta nukta, unamjaza rangi. Ukitaka tembo anayeangalia upande wa pili, unageuza karatasi. Nilikuwa na simba, tembo, twiga, punda milia na kobe, na kwa hao nimelisha watoto wangu mpaka wakamaliza shule.

Twiga wangu alikuwa karatasi mbili kwa sababu ya urefu. Siku moja kwa haraka nikageuza ya chini, nikasahau kugeuza ya juu. Mwili ukaelekea mjini, shingo ikaelekea Kayole. Mzee Ochola alikuja kukagua, akasimama pale, akashika kiuno. "Wafula, huyu twiga anaangalia nini huko nyuma? Mkewe anamfuata?" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mwenye shule akampenda vile vile, akasema ni twiga mwenye adabu, anaaga watu. Basi akabaki hivyo. Ndiyo kazi yetu ilivyo, wakati mwingine unakosea na unashukuriwa, na hujui ucheke au uombe radhi.

Sasa huyo wa Komarock. Aliniita mwalimu mmoja anaitwa Kadzo, mama wa makamo kutoka Kilifi, ana nasari ndogo ndani ya uwanja wa nyumba yake. Nilifika na karatasi zangu zimekunjwa kwapani, nikaanza kumwonyesha simba.

"Fundi, simba sitaki," akasema.

"Mwalimu, watoto wanapenda simba."

"Watoto watanisamehe. Nataka wanyama wa kwetu Pwani. Nataka kasa, kaa, komba na sange."

Nikatikisa kichwa kwa kila jina. Kasa nilijua ni kobe wa baharini. Kaa ninamwona kwenye mikebe. Komba nimesikia analia kama mtoto mchanga. Huyo wa mwisho nilimtikisia kichwa kama mtu anayeitikia sala kwa lugha asiyoijua.

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akaniangalia, akaona nywele zangu nyeupe, nadhani akaamua huyu naweza kumwambia. Akanionyesha mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amevaa kofia na viatu vya safari, macho yake yako getini.

"Huyo ni baba, Mzee Katana. Nilimleta huku baada ya mama kufariki, kwa sababu kichwa chake kimeanza kumpotea. Mimi mwenyewe hanijui, fundi. Ananiita mama mpishi. Na kila geti likifunguliwa anatoka, anasema anaenda nyumbani. Anauliza watu wa Kangundo Road njia ya msituni."

"Si umrudishe nyumbani?"

"Nyumba ilianguka. Hakuna aliyebaki wa kumpikia. Watu wa bodaboda wameshamjua, wananirudishia. Lakini juzi lori nusura limpige. Kaka yangu anasema nimfungie chumbani. Kufuli nimeshanunua, liko kabatini. Baba yangu alikuwa mtu wa kutembea msituni, fundi. Nikimfungia kama mbuzi nitajiangaliaje? Nimesema nijaribu ukuta kwanza. Labda akiona wanyama wa kwao atatulia. Asipotulia, basi nitafunga huo mlango."

Vijana, mimi nimepewa masharti ya kila aina. Kuna mama wa Eastleigh aliyenikataza kuchora kitu chochote chenye roho, nikamchorea mabirika na miti ya tende mpaka dari. Lakini sijawahi kuambiwa kwamba rangi yangu isipofanya kazi, mzee wa watu atafungiwa ndani. Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema nitaanza kesho.

Nikaanza na kasa. Nilifanya ujanja, nikatumia karatasi yangu ya kobe, nikaongeza rangi ya buluu pembeni iwe bahari. Mzee Katana aliinuka kwenye kiti chake, akaja polepole akiburuta viatu, akamkagua.

"Huyu ataogelea na miguu hii?"

"Ni kasa, mzee."

"Kasa ana makasia, hana miguu. Huyu ukimtupa majini anakufa leo leo."

Nikamfuta miguu, nikamwekea makasia. Kesho yake nikachora kaa, mwekundu, anang'aa, nimejivunia sana. Mzee akaja tena. Akainama, akanusa ukuta. Naapa alinusa.

"Huyu kashapikwa," akasema.

Mwalimu Kadzo alikuwa ndani na watoto, akatoka akicheka huku amejiziba mdomo. Kumbe kaa akiwa hai, yule mkubwa wa kwenye mikoko, ana rangi ya tope la kijani. Nimeishi miaka yote hii nikidhani kaa anazaliwa mwekundu. Nikampaka tope. Komba alipita bila maneno mengi, ila mzee aliniambia nimwongezee macho, kwa sababu yule ni mnywaji wa pombe ya mnazi na macho yake hayajawahi kuwa madogo. Hayo yote mzee aliyasema bila kubabaika hata kidogo. Halafu akageuka, akamwambia mwanawe, "Mama mpishi, geti linafunguliwa saa ngapi? Nachelewa." Mimi nilibaki na brashi mkononi sijui niamini mzee yupi kati ya hao wawili.

Ikabaki sange. Nikamwambia mwalimu anieleze.

"Ana pua ndefu kama mkonga."

"Sawa."

"Mwili kama panya mkubwa, anatoshana na sungura mdogo. Miguu miembamba kama ya paa."

"Mh."

"Halafu makalio yake ni ya manjano."

Nikaweka brashi chini. "Mwalimu, mimi ni mtu mzima."

"Wallahi fundi, ya manjano kama dhahabu!"

Sikumbishia, lakini sikumwamini. Jioni nikapita Eastleigh kwa rafiki yangu Yusuf anayeuza leso, mzaliwa wa Mombasa, nikamuuliza kuhusu mnyama wa kwao mwenye pua ya tembo na makalio ya manjano. Alinitazama kwa huruma. "Wafula, miye mtoto wa mjini. Wanyama wangu ni paka na kunguru. Huyo mwalimu anakuchezea." Nikarudi Komarock nimekasirika. Mwalimu akatoa simu, akanionyesha picha. Lo! Yuko kweli, na makalio yake ni hayo hayo. Niliwaonyesha vijana wa bodaboda pale nje ile picha, wakasema, "Mzee, hiyo imetengenezwa na kompyuta." Hata mimi ningesema hivyo.

Basi nikamchora kama alivyo kwenye simu. Nilitengeneza karatasi mpya, nikatoboa kila unywele. Nilimweka amesimama ubavu, mguu mbele mguu nyuma, pua imenyooka, sikio jeusi, mkia una ncha nyeupe. Jicho nikaliweka mwisho kabisa, kama ninavyowaambia siku zote, kwa sababu jicho likikaa vibaya unakuwa umeharibu nukta moja tu na si mnyama mzima. Nilirudi nyuma nikamtazama. Alikuwa mzuri kuliko simba wote niliowahi kuchora.

Mzee Katana aliletwa. Akatazama. Akatazama tena.

"Hii ni nini?"

"Ni sange, baba," mwanawe akasema.

"Sange gani?" Sauti ikapanda. "Nani kakwambia huyu ni sange? Mimi nimekaa na sange tangu utoto wangu. Huyu simjui! Nipelekeni nyumbani!" Akaenda getini, akalishika kwa mikono miwili, akalitikisa. Mwalimu alimshika bega, mzee akausukuma mkono wake. Nilimwona yule mama akitazama upande wa nyumba, kule kabati liliko, na nikajua anafikiria nini.

Niliumia, nisiwafiche. Niliona aibu, na hasira pia. Picha ninayo, mnyama ni huyu huyu, sasa kosa liko wapi? Nikamfuata mzee pale getini, nikamwambia, labda kwa ukali kuliko ilivyofaa, "Mzee, kama si huyu, nionyeshe wewe. Sange anasimamaje?"

Akaacha kutikisa geti. Akanigeukia kana kwamba nimeuliza swali la kijinga kupita yote duniani.

"Sange hasimami."

"Hasimami?"

"Sange hasimami akatazamwa. Wewe unapita msituni, asubuhi, majani makavu chini. Unasikia." Akaja ukutani, akapiga kiganja haraka haraka, pa-pa-pa-pa. "Hapo anapiga mkia kwenye majani, anakwambia nimeshakuona. Ukigeuka, yuko huko." Mkono wake ukaruka, ukaruka tena, kuelekea kona ya ukuta. "Unaona manjano tu. Manjano, manjano, basi. Mimi uso wa sange siujui. Nani aujuaye?"

Mzee wa watu ameishi na mnyama maisha yake yote, na hajawahi kumwona isipokuwa kwa nyuma akikimbia. Na mimi nimemletea uso.

Nikachukua rangi nyeupe, nikamfuta sange wangu, mguu kwa mguu, mpaka lile jicho. Iliniuma kama kung'olewa jino. Halafu nikaitupa karatasi, kwa sababu karatasi inajua kumsimamisha mnyama tu. Nikachora kwa mkono. Kwanza majani makavu, mengi, ya kahawia na ya kijivu, yamejaa mpaka chini. Kisha miti, imekaribiana, mwanga unaingia kidogo kidogo. Halafu katikati ya hayo yote, kwa brashi kubwa na bila kufikiria sana, nikaweka doa la manjano hewani, miguu miwili myeusi ya nyuma imeacha ardhi, mkia, na majani yanaruka. Kichwa hakuna, kimeshaingia kichakani.

Watoto walitoka mapumziko, wakaona, wakalipuka. "Teacher! Ni matako! Amechora matako!" Nikasema hapa ndipo jina langu linapozikwa, wazazi wakija kesho nitaonekana mzee aliyekosa adabu. Hata mwalimu mwenyewe alitazama huku anauma mdomo, hajui acheke ama anilaumu.

Mzee Katana akaja. Safari hii hakuna aliyemwita. Alitembea akiinua miguu juu juu, polepole, kama mtu anayeogopa kukanyaga majani. Akafika karibu, akasimama. Akaweka kidole mdomoni akatugeukia sisi sote, mimi, mwanawe na watoto.

"Shhh," akasema. "Yule pale."

Watoto wakanyamaza kweli. Mzee akakaa chini, pale pale kwenye simiti, mgongo umeegemea ukuta wa pembeni. Akavua viatu vya safari, kimoja kimoja, akaviweka kando. Mzazi mmoja alifika kumchukua mtoto, geti likafunguliwa wazi kabisa, malori yakisikika barabarani. Mzee hakugeuka hata kuangalia.

Mwalimu Kadzo alinishika mkono kwa nguvu. Alikuwa analia na kucheka. Na mimi, nisiseme uongo, nilijiona mtu mkubwa sana. Nilifikiri, Mzee Ochola angekuwepo leo!

Kadzo akaingia ndani kumletea baba yake chakula, wali na samaki wa kupaka. Mzee akapokea sahani, akashukuru kwa adabu. Kisha akaniita nikae karibu naye.

"Fundi, nashukuru kunifikisha nyumbani," akasema. "Hapa nimepumua. Lakini nina neno moja. Nina binti yangu, anaitwa Kadzo. Ni mwalimu, yuko huko Nairobi. Ni siku nyingi sijamwona. Huyu mama mpishi ananitunza vizuri, Mungu ambariki, lakini si mwanangu. Ukirudi Nairobi mtafute, mwambie baba yake anamkumbuka. Mwambie aje."

Kadzo alikuwa amesimama pale pale, gilasi ya maji mkononi.

Nilitaka kumwambia mzee, si huyu hapa! Lakini huyo mtu alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikimwambia mwanawe ni huyu, itabidi nimwambie pia kwamba hapa ni Komarock, na ule ni ukuta, na mimi ndiye niliyeupaka. Nikasema, "Nitamwambia, mzee." Kadzo akaweka gilasi chini taratibu. Akaingia ndani. Akatoka amevaa viatu vya kwenda mjini, ana mkoba begani, akapita mbele yetu akatoka getini. Nikadhani ameenda kulia mahali ambapo watoto hawatamwona, na sikumlaumu.

Niliosha brashi zangu. Nilikuwa nimekasirika na sijui nimekasirikia nani. Kazi niliyopewa nimeifanya, mzee hatafungiwa. Lakini nimemrudisha nyumbani kwao na kumwacha binti yake Nairobi, na huyo binti ndiye aliyeniita. Vijana, nyinyi mnaojua mambo ya kompyuta, hesabu hiyo inafanywaje?

Ndipo geti likagongwa.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Ilikuwa sauti ya Kadzo, lakini si ile ya mwalimu anayeita watoto. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. Mzee Katana akainua kichwa. Nikaenda kufungua. Alikuwa amesimama nje na mkate wa dukani mkononi, macho mekundu, mkoba umeshikwa vizuri, na hakunitazama kama mtu anayenijua. Akapita akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akapiga magoti.

"Shikamoo baba. Ni mimi Kadzo. Nimefika kutoka Nairobi."

Mzee akamtazama usoni kwa muda mrefu. Akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, Kadzo. Mbona umekonda hivi? Huko Nairobi hawakulishi?" Kisha akanigeukia, amejaa furaha, anataka kututambulisha kama inavyopasa watu wawili wasiojuana. "Fundi, huyu ndiye binti yangu niliyekuwa nakwambia. Si nilisema atakuja? Amefika sasa hivi."

Kadzo aliinua uso, akaninyooshea mkono. Nikafuta rangi ya manjano kwenye suruali, nikaushika.

"Pole na safari, mwalimu," nikamwambia.